Steed ya Mjomba

Mwaka 2006 mvua zilikosekana, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na umeme wa Dar es Salaam ukawa wa mgao. Gerezani, mtaa wa mafundi, ikahamia usiku. Wachomeleaji, wakereza vyuma na wapuliza rangi walishinda wamelala juu ya maboksi wakiungoja umeme. Ukirudi saa nne usiku, mtaa mzima ulilipuka kwa kelele za grainda, na mama ntilie akachochea jiko upya kana kwamba kumekucha. Ndiyo maana karibu kila ninachokikumbuka kuhusu pikipiki ya mjomba kina mwanga ule wa buluu wa kuchomelea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina kazi, na mjomba alihitaji mtu wa kumshikia tochi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda Steed, mtumba wa Japani, iliyofika bandarini ndani ya kontena la magari. Silinda zake mbili zimekaa kwa umbo la V, nyuzi 52 katikati, injini inapozwa kwa maji, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 398. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Kule Japani leseni ya pikipiki ya ngazi ya kati inaishia 400, na hadi 1996 aliyetaka kuvuka hapo ilimbidi akakabili mtihani mgumu kwenye vituo vya serikali, bila njia rahisi ya kupitia shule ya udereva. Basi viwanda vikawatengenezea vijana wao pikipiki yenye umbo la Marekani na ujazo wa Kijapani. Ndugu yake mkubwa, mwenye ujazo wa 583, alipelekwa Marekani kwa jina la Shadow VLX. Shokapu ya nyuma wameificha chini ya kiti, ili mtazamaji aone fremu iliyonyooka isiyo na springi, mtindo wa pikipiki za zamani. Mjini wakati ule zilikuwa zimeanza kumiminika Toyo, SanLG na T-Better za Kichina, nyepesi na za kazi. Steed ilipoegeshwa katikati yao, ndefu na chini kwa chini, watu walisimama kuuliza bei.

Mjomba alikuwa baharia mstaafu, mtu wa Tanga, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Meli ilipotia nanga Long Beach, California, katika ujana wake, aliona chopa, zile pikipiki za mbele ndefu, zikipita na hakuzisahau. Ukutani kwa fundi palikuwa na picha iliyochanwa kwenye gazeti: chopa ya filamu ya Easy Rider ya 1969, tenki lenye rangi za bendera ya Marekani, mbele ndefu isiyo na kiasi. Mjomba aliisimamia ile picha akasema, "Fundi, hiyo." Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa pikipiki za filamu ile zilitengenezwa na Wamarekani weusi wawili wa Los Angeles, Cliff Vaughs na Ben Hardy, kutokana na Harley za polisi zilizonunuliwa mnadani, na kwamba majina yao hayakuandikwa popote kwenye filamu. Ningependa mafundi wa Gerezani wangelijua hilo wakati ule. Na wao kazi yao ilitembea mjini bila jina.

Tulianza na usukani. Mjomba aliutaka upande mpaka usawa wa kifua. Fundi mchomeleaji, mtu mfupi asiyepandisha sauti, aliupima wa asili kwa kalipa, akasema bomba la maji halifai. Nilidhani ni maringo ya kifundi mpaka alipoeleza: bomba linaloitwa la inchi moja lina zaidi ya milimita 33 kwa nje, maana jina lake linafuata tundu la ndani, kwa hiyo halitaingia kwenye kibanio; la nusu inchi lina milimita 21 na kidogo, nalo litacheza. Na juu ya hayo, bomba la maji lina mshono, na mshono ukipindwa hufunguka. Tukazunguka kwenye vyuma chakavu hadi tukapata bomba lisilo na mshono. Akalijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, akalipasha kwa gesi hadi likawa jekundu, kisha akalipinda taratibu kwenye kigezo cha vyuma alichokisimika sakafuni. Mchanga huzuia bomba lisibonyee kwenye kona. Sharti uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, mvuke hutafuta pa kutokea, na aliye karibu ni fundi.

Usukani ulitoka mzuri. Usiku ule ule tukagundua kwamba kila kitu kilichofungwa kwenye usukani wa zamani sasa ni kifupi. Waya wa klachi haufiki. Waya wa mafuta haufiki. Nyaya za umeme za swichi hazifiki, na mjomba hakutaka zionekane, kwa hiyo usukani ukatobolewa ili zipite ndani, na kila tundu likasuguliwa kwa tupa ndogo lisije likakata nyaya. Fundi baiskeli wa jirani alituundia waya mrefu wa klachi, akauyeyushia kichwa kipya cha risasi. Ulidumu. Lakini mpira wa breki ya mbele ulikuwa jambo jingine. Mjomba alipendekeza kuunga. Fundi akaweka koleo chini.

"Mzee, mimi nitakuungia chochote. Breki siungi."

Hapo ndipo vitu vya dukani vilipoingia. Mwenzake mjomba wa melini, aliyekuwa akifika Yokohama, alileta mpira mrefu wa breki uliosukwa kwa waya wa chuma, na ndani ya kifurushi hicho hicho akatia indiketa ndogo za kromu, kifuniko cha chujio la hewa na skrubu za akiba. Skrubu zile zilinifundisha kitu ambacho mafundi wengi hawakukijua. Msalaba wa skrubu za Kijapani si ule wa bisibisi za kawaida zilizojaa Kariakoo. Kwa macho ni pacha, ila bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini. Ukiilazimisha inaruka na kula kichwa cha skrubu. Tukachukua bisibisi moja, tukaisaga ncha kidogo kwenye jiwe ili izame zaidi, na tangu hapo ikawa yangu, nikiringa nayo.

Mjomba hakuridhika. Mbele bado ilikuwa fupi kuliko ya pichani. Akampelekea mkereza vyuma fimbo za mbele zinazoshika tairi, akitaka ziongezwe urefu kwa vipande vya kukereza vitakavyoingia kwa uzi juu ya zile za asili. Mkereza alikuwa mzee kuliko mjomba, hakuogopa umri wa mtu. Alizigeuzageuza, akamwuliza anataka kwenda nayo wapi.

"Kila mahali."

"Basi ondoka nazo. Uzi ukikatika barabarani, watakuja kuniuliza mimi."

Nilimwona mjomba akinyong'onyea, lakini mzee alikuwa na haki hata zaidi ya alivyosema. Fimbo zikirefushwa na kulazwa, tairi la mbele linagusa ardhi nyuma zaidi ya pale mstari wa mhimili wa usukani unapoangukia. Kwenye barabara pana iliyonyooka hilo huituliza pikipiki. Kwenye mwendo wa polepole usukani unakuwa mzito na unataka kujiangusha upande. Chopa zilizaliwa California, ambako barabara zinanyooka hadi upeo wa macho. Mjomba alikuwa na Mtaa wa Msimbazi, mikokoteni, na wamachinga waliopanga viatu hadi kwenye lami.

Ekzosi ndiyo iliyotuchukua muda, na ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha zaidi. Mjomba aliona sauti ya Steed ni ya kistaarabu mno. Fundi akatengeneza mabomba mawili yaliyonyooka, akayachomelea kwa gesi badala ya umeme, kwa sababu bomba jembamba likiguswa na ufito wa umeme hutoboka mara moja. Ndani akaweka bomba dogo lenye matundu, akalizungushia chuma laini kile cha kusugulia masufuria. Mlio ukawa mzito, wa kifuani. Mjomba alicheka peke yake.

Kisha pikipiki ikaanza kukohoa. Ukiachia mafuta ilipiga baruti nyuma, na mabomba yakageuka buluu karibu na injini. Nilidhani tumeharibu kitu. Fundi alisema hapana, injini sasa inapumua zaidi kuliko inavyokula. Moshi ulikuwa unatoka kwa urahisi, hewa ikaingia nyingi, na kabureta ilikuwa bado inatoa petroli kwa kipimo cha kiwandani. Hewa ikizidi mafuta, moto unakuwa mkali na injini inachemka. Akafungua kabureta, akaitoa sindano yake, akaweka chini ya kichwa chake washa ndogo mno, nyembamba kuliko ukucha, ili sindano ipande kidogo na kuachia mafuta zaidi.

Kipimo kilikuwa plagi. Tulitoka usiku kwenye Barabara ya Pugu, ambayo kwenye ramani ilikuwa ya Nyerere lakini kwa wazee bado ni ya Pugu. Mjomba aliikimbiza, akabana klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja, akaiacha iteleze mpaka isimame. Mimi nilifika nyuma kwa SanLG ya fundi, nimebeba spana ya plagi na tochi. Kauri nyeupe: mafuta haba. Nyeusi yenye masizi: yamezidi. Tulitafuta rangi ya biskuti. Kusoma rangi hiyo kulikuwa kumekuwa kugumu, maana mwanzoni mwa mwaka ule ule nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye risasi, na petroli safi huacha alama hafifu. Tuliongeza washa, tukapunguza, tukaongeza tena, huku askari wa doria wakitusogelea kuuliza tunatafuta nini barabarani na tochi. Siku rangi ilipokubali, fundi aliitia plagi mfukoni, akaondoka nayo nyumbani.

Kiti alikishona fundi sofa wa Keko, juu ya bati lililokatwa kutoka kwenye pipa, kwa sponji ya godoro. Rangi ilikuwa nyeusi. Hakuna la kusimulia. Ila vishikio vya mikono vilichongwa Mwenge, kwa mpingo, na mchonga vinyago aliyezoea kutoa nyuso za watu kutoka kwenye gogo. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, mti ule ule unaotengenezewa klarineti Ulaya, na ukisuguliwa unang'aa bila rangi. Vilikuwa vitu vizuri kuliko vyote kwenye pikipiki ile, pamoja na vile vya Yokohama. Pia vilikuwa vibaya kuvishika. Mpira humeza mtetemo. Mpingo huupitisha wote, na jasho la Dar es Salaam huufanya uteleze. Mjomba aliendesha huku vidole vimekufa ganzi, akivisifia kwa kila aliyemsimamisha. Nilimwambia arudishe vya mpira. Aliniuliza kama mimi ndiye ninayeendesha.

Kila kitu tulichokitoa, usukani wa asili, ekzosi, kiti, vishikio, waya mfupi wa klachi, hata skrubu zilizoliwa vichwa, fundi alikitia kwenye gunia la sukari na kulitundika juu ya dari ya gereji. Mjomba alimcheka. Fundi akasema kitu cha mtu hakitupwi kabla mtu mwenyewe hajakisahau.

Mjomba aliiuza miaka michache baadaye, magoti yalipoanza kumsumbua. Mnunuzi alitoka Arusha, kijana aliyevaa nadhifu. Aliizunguka, akasikiliza mlio, akasifu usukani, akavipapasa vile vishikio vya mpingo, akasema hajaona pikipiki ya namna ile nchi nzima. Alilipa bila kubishana. Kisha, akiwa tayari amevaa kofia ngumu, akauliza kama vitu vya asili bado vipo. Fundi akapanda kiti, akalishusha gunia. Mjomba alimwuzia nalo, kwa bei yake peke yake.