Wingu la Saa Tisa

Wapendwa wa Meru na Embu,

Salamu kutoka pwani ya kusini ya Uingereza. Leo sina maneno matamu. Ile video mliyoweka kwenye kundi la familia imenikasirisha: radi inapasua, mvua ya mawe inachanachana majani chai, na ninyi watu wazima mmejibana chini ya mti wa mukima mkicheka kama mko harusini!

Huku, majani ya miti yakianza kupukutika, Oktoba na Novemba, watu hugeuka walinzi wa anga. Bahari bado imeshikilia joto la kiangazi, nyuzi 15 hivi, na juu yake inapita hewa baridi kutoka kaskazini mwa Atlantiki. Mvuke hupanda kwa kasi, mawingu hurundikana, kisha ngurumo na mvua ya mawe huingia pwani, mchana au usiku. Ukienda kilomita kadhaa bara, huenda wasipate hata tone. Basi mtu hufungua simu, akatazama rada, akahamisha gari. Kinachoshuka kwa kawaida ni punje ndogo kama njahi, na jirani yangu atazisimulia wiki nzima. Huwa nawacheka, ila si sana. Usiku wa kuamkia Oktoba 30, 2008, mji wa Ottery St Mary, Devon, ulifukiwa na mawe yaliyorundikana mahali pengine kupita mita moja. Novemba 2023, dhoruba Ciarán ilipopiga kisiwa cha Jersey, mawe yalivunja vioo vya nyumba na magari.

Kinachoniuma ni kwamba wingu la huku halina saa, lakini lenu linayo. Asubuhi jua linapasha nyanda za Mbeere na Tharaka, upepo unapanda mteremko, saa nane Mlima Kenya umejifunika, na mara nyingi saa tisa au kumi mnanyeshewa. Shosho anajua haya bila simu. Mahindi mnaanua, mbuzi mnafungia, miraa mnafunga kwa majani ya mgomba. Mtu ndiye anayeachwa nje!

Sikilizeni basi. Ukiona umeme, hesabu mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zisipofika 30, ingia nyumbani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha kupimia majani chai hakina kuta, kwa hiyo hakikukingi. Gari lililofungwa vioo ni afadhali. Jembe liache shambani, televisheni ichomoeni. Gambuti hazizuii radi, hata fundi wa boda aape vipi. Na Idara ya Hali ya Hewa ina maofisa wake katika kaunti, na utabiri wao husomwa redioni. Muuga FM na Wimwaro FM mnazisikiliza kutwa, basi utabiri ukisomwa msiutumie kama nafasi ya kwenda kuchota maji.

Michai iliyopigwa na mawe itachipuka tena baada ya wiki kadhaa, hasara ni ya pesa tu. Nisingependa kupigiwa simu ya hasara nyingine.

Jambo la mwisho, kwa wazee. Mwambieni chifu baraza za Novemba aziite saa tatu asubuhi. Mazishi nayo, yenye hema za nguzo za chuma katikati ya uwanja, yaishe kabla ya saa saba. Wanasiasa wakifika saa nane wakidai kipaza sauti, waonyesheni mlima.