Daktari wa Wachimbaji Aliyenyimwa Kaburi

Usharika wetu uko katika eneo la dhahabu. Jumapili asubuhi, kabla kengele ya pili haijalia, tunasikia makarasha yakisaga mawe ng'ambo ya barabara. Vijana wengi wa hapa wanashinda duarani, na wengi wao hatuwaoni ibadani.

Miaka michache iliyopita alifariki mmoja wao. Alikuwa amekohoa kwa muda mrefu, na akibeba ndoo ya maji alihema kama mzee. Mama yake alikuja kuomba ibada ya maziko. Tulifungua daftari la washarika. Ubatizo ulikuwepo, kipaimara kilikuwepo, lakini kwenye Meza ya Bwana na kwenye ahadi palikuwa patupu. Sisi, mchungaji na wazee, tukafuata utaratibu: tukakataa. Wachimbaji wenzake ndio waliomzika, wakaimba nyimbo walizozikumbuka.

Tulijiona tumelinda nidhamu ya kanisa. Kilichotusumbua baadaye ni habari ya mtu tuliyemsikia tulipokuwa chuo cha theolojia: Georgius Agricola, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1494. Jina lake la nyumbani lilikuwa Georg Bauer, yaani mkulima, lakini maisha yake aliyatumia kwenye migodi. Mwaka 1527 alikuwa daktari wa mji wa Joachimsthal, uliojaa wachimbaji wa fedha. Aliwatibu, akashuka mashimoni, akauliza na kuandika. Kitabu chake, De Re Metallica, kilitoka Basel mwaka 1556. Kina sehemu 12 na picha nyingi za pampu, mivukuto ya kupeleka hewa chini, na tanuri za kuyeyushia madini. Kwa miaka mingi mafundi wa migodi walijifunza kwacho.

Humo aliandika pia juu ya vumbi linalokula mapafu. Alisema katika milima ya Karpathia kulikuwa na wanawake walioolewa na waume saba, na wote saba wakafa kwa ugonjwa huo. Sisi tunamjua mwanamke wa waume saba kutokana na swali la Masadukayo. Kwao lilikuwa swali la kumtega Bwana. Agricola alimwona mjane halisi, akashauri wachimbaji wafunike nyuso zao.

Hakukiona kitabu hicho kikitoka. Alifariki Novemba 1555 huko Chemnitz, mji aliowahi kuutumikia kama meya. Mji ulikuwa umeshika Matengenezo, naye alikuwa amebaki Mkatoliki. Akanyimwa kaburi. Mwili wake ulisafirishwa zaidi ya kilomita 50 hadi Zeitz, akazikwa katika kanisa kuu la huko. Waliomkatalia ni Walutheri, ndugu zetu katika imani, wafuasi wa mtu ambaye baba yake mwenyewe aliishi kwa kazi ya migodi na kuyeyusha shaba.

Tulipokumbuka hayo tulinyamaza. Wao walikuwa na sababu, nasi tulikuwa na daftari. Lakini katika miaka yote ya kikohozi kile, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali kijana yule. Tulihesabu Jumapili ambazo hakuja kwetu. Zile ambazo sisi hatukwenda kwake hatukuziandika popote.

Tulikwenda kwa mama yake, tukamwomba msamaha. Hakujibu upesi. Alitutolea viti, kisha akatuonyesha kaburi. Tukasali pale, tumechelewa.

Siku hizi, mara moja kwa mwezi baada ya ibada, mhudumu wa afya huzungumza na wachimbaji kuhusu barakoa, kulowesha mawe kabla ya kusaga, na kupima mapafu mapema. Wazee nao huzunguka makarashani kuwasalimu watu kwa majina. Utaratibu wa kanisa bado tunao, nao unafaa. Ila kabla ya kufungua daftari, sasa tunaulizana kwanza: nani kati yetu alikwenda kumwona?