Fisi Si Mwoga, Usidanganyike

Ni nani kati yetu, msomaji mpendwa, ambaye hakulelewa kwa hadithi za fisi? Tuliambiwa njia mbili zilimshinda, akapasuka msamba kwa tamaa. Tukaambiwa pia kwamba ni mwoga na mvivu asiyejua kuwinda. Kazi yake ni kumsubiri simba ashibe ili aokote mifupa. Hata jijini, mwanamume mwenye uchu huitwa fisi, na watu wakacheka.

Mimi huwasimulia watoto wangu hadithi hizo kwa kuwa ni tamu na zina mafunzo. Lakini nikimaliza huwaambia: hiyo ni hadithi, sasa sikilizeni ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa wanyama Hans Kruuk, mzaliwa wa Uholanzi, alikesha siku nyingi huko Serengeti na Ngorongoro, nchini Tanzania, akiwafuata fisi kwa gari kwenye mbalamwezi. Matokeo aliyachapisha kitabuni mwaka wa 1972. Aliwaona fisi wakiwafukuza nyumbu na punda milia hadi wakawaangusha. Huko Ngorongoro, sehemu kubwa ya nyama waliyokula fisi waliiwinda wenyewe. Mara nyingi simba ndiye aliyesikia kelele za karamu, akaja na kuwapokonya. Kulipopambazuka, watalii walimkuta simba akila na fisi wakizunguka kando, wakakata shauri kwamba fisi ni ombaomba. Kumbe mwenye nyama ndiye aliyefukuzwa!

Fisi hula mizoga pia, sikatai. Lakini simba naye hula, na hakuna anayemwita mvivu.

Wala usidhani kicheko kile ni cha furaha. Mara nyingi hutoka kwa fisi anayesongwa na wenzake wanapogombania nyama.

Pengine utauliza, haya yananihusu nini mimi mkazi wa mjini? Yanakuhusu sana. Jiji la Nairobi limepakana na mbuga ya wanyama, na usiku fisi hutoka kutafuta chakula. Mnamo Februari 2024, mwanafunzi wa chuo kikuu alishambuliwa na fisi karibu na mbuga hiyo. Kijana aliyefunzwa kwamba fisi ni mwoga atakatiza vichakani peke yake saa nne usiku, akiamini kwamba akipiga kelele mnyama atatoroka. Anayejua kwamba fisi ni mwindaji, tena huwinda kwa kundi, atafuata barabara yenye taa na kutembea na wenzake.

Basi mzazi mwenzangu, endelea kuwasimulia wanao. Hadithi zetu ni urithi mwema. Ila usimwache mtoto kwenye njia panda: mwonyeshe ipi ni ya hadithi na ipi ni ya kweli, kabla hajaanza kurudi nyumbani usiku peke yake.