Fyuzi Katika Somo la Sayansi

Tunapofundisha umeme katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, hatuanzi na ufafanuzi ubaoni. Twachukua plagi ya pini tatu isiyo na waya (hata shule isiyo na umeme yaweza kuipata) na kuifungua kwa bisibisi mbele ya wanafunzi. Wakikiona kile kijiti kifupi cha kauri, huuliza mara moja: Hiki ni cha nini?

Jibu limo katika historia. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga, hali shaba ilikuwa adimu. Wahandisi wakashauri nyaya za soketi zizunguke nyumba kama pete, ili shaba itumike kidogo. Lakini pete nzima ililindwa na fyuzi moja ya ampea 30. Waya mwembamba wa taa ungeungua kabla fyuzi hiyo haijakatika. Ndipo kila plagi ikapewa fyuzi yake. Kanuni za plagi hiyo zilitolewa mwaka 1947, nayo hutumika hadi leo Kenya, Uganda na Tanzania.

Hapo mtoto aweza kusema kwamba kwao fyuzi iliyokatika huzungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwalimu asimkemee, wala asimdharau mzazi. Amwulize: karatasi hiyo isipokatika, kitakachoungua ni nini? Kisha awape wanafunzi fyuzi ya ampea 3 na ya ampea 13, waamue ipi ni ya redio na ipi ni ya pasi.