Kinga Katika Bustani ya Samaki

Mkulima wa shambani akiona nyanya zake zinanyauka, huweza kuzing'oa na kuhamia konde jingine. Mwenye bustani ya samaki na mboga uani hana nafasi hiyo. Maji ya tangi la ngege hupita katika kokoto zilizoshika mizizi. Humo bakteria hugeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa naitreti, chakula cha mimea, kisha maji hayo hayo hurudi tangini. Kilichomfika mmoja huwafikia wote, uwe uhai au ugonjwa.

Hapo ndipo tiba ya dukani hugeuka sumu. Dawa ya ukungu yenye shaba ikidondoka majini huweza kuwaua samaki, hata kama imeiokoa nyanya. Kinga, basi, haina badala.

Kinga ya kwanza ni kubadilisha mimea. Lakini kubadilisha jina si kubadilisha ukoo: nyanya, biringanya, pilipili hoho na mnavu ni ndugu, na maradhi ya mmoja aghalabu humwandama mwenziwe. Baada ya nyanya na ije sukuma wiki, kisha maharagwe. Hata hivyo, uozo wa mizizi uletwao na pithiamu hauchagui ukoo. Huo huzuiwa kwa kuondoa mizizi mikuukuu, kuyatia maji hewa, na kuosha kokoto kwa maji ya tangi, si ya mfereji yenye klorini, yasije yakawaangamiza bakteria wema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bustani hii, ukuta ukianguka huwaangukia wawili: mboga na samaki.