Maswali Niliyoona Haya Kuyauliza

Kabla ya kuandika ushuhuda huu nilimwomba mke wangu ruhusa, kwa kuwa siri ninayoitoa ni ya nyumba yetu sote wawili. Alicheka. Akasema siri hiyo Mtangawanda nzima iliijua, ila mimi peke yangu ndiye niliyedhani naificha. Basi Bismillahi. Nilikuwa na busha. Nilitembea nalo miaka mingi, na Mwenyezi Mungu akaniondolea kupitia watu ambao sikuwahi kuwatendea wema.

Kwa asiyeijua Mtangawanda, hapa ndipo penye gati la kisiwa cha Pate. Boti zinazotoka Amu, yaani mji wa Lamu, hupita mfereji wa Mkanda, maji yakiwa yanaruhusu, zikaja kushusha watu na mizigo hapa, nao wakaendelea na safari zao za Pate, Siyu, Faza au Kizingitini. Mimi kazi yangu tangu ujana ni mikoko. Nimekata pau, mazio na boriti, nikazifunga korija kwa korija na kuzipakia vyomboni. Kazi ya mikoko ni kuinama, kuchutama topeni na kuinua. Kwa hiyo uvimbe ulipoanza upande mmoja, mdogo, hauna hata maumivu, nilijiambia ni mshipa wa kazi, utapoa wenyewe.

Haukupoa. Nikaanza kutafuta sababu kwa watu wasioijua. Mmoja aliniambia ni madafu, nikaacha madafu. Mwingine akasema nimetupiwa kitu na mtu wa ugomvi wa shamba, nikatoa pesa nikasomewa. Mbu hakutajwa na mtu hata mmoja, na mbu ndiye mwenye kesi. Anamuuma mwenye vijidudu vya minyoo damuni, kisha anamuuma mwingine, na mwingine, mwaka baada ya mwaka. Minyoo hiyo, myembamba kama uzi, hukaa ndani ya mirija inayorudisha maji ya mwili na kuiharibu. Kwa wengine mguu unavimba, ndiyo matende. Kwa wanaume wengi maji yanajikusanya kwenye kifuko kinachozunguka korodani, nalo ndilo busha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanaume wapatao milioni 25 duniani wana ugonjwa wa sehemu za siri unaotokana na minyoo hii. Mimi nilijiona niko peke yangu.

Nilivyoishi miaka ile sijivunii. Niliacha kuoga baharini na wenzangu. Msikitini nilihamia safu ya nyuma, karibu na mlango, nitoke wa kwanza. Kikoi nilikifunga kwa mtindo wangu mwenyewe, na kwenye harusi nilikaa palipo na giza. Ndani ya nyumba mambo yalipoa, nami badala ya kusema na mke wangu nikawa mkali, ili aogope kuniuliza. Alivumilia ukali wa mtu aliyekuwa na haya tu.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo gumu zaidi kuliandika. Nilipokuwa kijana palikuwa na nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa na busha kubwa. Sisi vijana wa gatini tulimpa jina, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliita kwa sauti kuliko wote. Siku moja akaondoka, akakaa, akarudi mwepesi, anatembea kama watu. Tukaeneza kwamba amehasiwa hospitalini. Sikuwa na ushahidi wowote, nilipenda tu wenzangu wacheke. Miaka ilipopita na mimi nikawa mgonjwa, maneno yale yale ya uongo niliyoyatunga ndiyo yaliyonizuia kwenda kutibiwa. Niliyaamini!

Nilijaribu njia ya mkato. Mtu mmoja alinitoa maji kwa sindano, chumbani, mlango umefungwa. Nilitoka nikiwa na furaha, na kwa muda nikavaa suruali. Kisha nikapata homa kali, na uvimbe ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba kifuko kinachotoa maji kikibaki, maji yatarudi, na sindano isiyo safi huweza kupeleka usaha mahali pabaya.

Mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini, na mikoko yetu ikaingia humo humo. Wakataji tulikaa kitako. Mtu anayeshinda matopeni hujificha kwa urahisi, lakini anayeshinda barazani anaonekana akikaa na akiinuka. Mwaka huo huo, kuelekea mwisho wake, ukaja mgao wa dawa za matende na mabusha. Safari hiyo zilikuwa dawa za aina 3 kwa pamoja. Lamu, pamoja na Jomvu kule Mombasa, ndiko zilikoanzia katika Kenya. Migao ya nyuma nilikuwa nikichukua vidonge na kuvitia mfukoni. Safari hii aliyekuja alikuwa binti wa jirani, mhudumu wa afya wa jamii, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Kisha akasema, kwa wote waliokuwapo bila kunitazama mimi, kwamba vidonge vinaviua vijidudu vilivyo damuni ili mbu wasivipeleke kwa wengine, lakini maji yaliyokwisha kujaa hayatoki kwa kidonge. Hayo ni ya upasuaji, na upasuaji upo Amu, hospitali ya King Fahd.

Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutonitazama. Lakini sikwenda.

Aliyenipeleka ni yule nahodha. Alikuwa mzee sasa. Alikuja akakaa karibu yangu gatini tukisubiri boti, akaongea habari za pepo na bei ya dagaa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unaumwa nilichoumwa mimi. Niulize." Sikuweza kumtazama. Alijua nilichokuwa nikimwita, mji wote ulijua. Nilinyamaza kitambo, mwisho nikatoa swali nililokuwa nalo miaka yote: "Mzee, walikukata?" Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia watoto wake wawili wa mwisho wamezaliwa baada ya upasuaji, tena mmoja nimempakia boriti mwenyewe na sikujua. Hakunidai msamaha. Mimi ndiye niliyeuomba, baadaye sana, naye akasema alishanisamehe zamani, maana ukimwekea kinyongo kila kijana wa gatini hutaweza kushuka bandarini.

Tukaenda pamoja Amu. Yeye ndiye aliyebeba mfuko wangu.

Hospitalini nilikutana na daktari kijana. Nahodha alinikumbusha nje ya mlango: usitoke na swali tumboni. Nikauliza. Kwanza, je, nitahasiwa? Akachora kwenye karatasi: hii korodani, hiki kifuko, haya maji. Tunafungua ngozi, tunatoa maji, kifuko tunakikata au tunakigeuza na kukishona ili kisijaze tena. Korodani inarudi mahali pake. Uanaume uko pale pale. Je, nitalazwa usingizi nisiamke? Akasema wengi hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka mtu hasikii maumivu, lakini yu macho na anaweza kuongea. Je, litarudi? Akasema kwa ukweli kwamba linaweza kurudi, ila mara chache, tofauti na kunyonya maji kwa sindano. Upasuaji wowote una hatari zake, akazitaja: damu kuvuja, kidonda kuingia usaha, uvimbe. Ajabu ni kwamba aliponitajia hatari ndipo nilipomwamini.

Naye akaniuliza yake. Nina presha? Sukari? Natumia dawa gani, zikiwemo za miti shamba? Nimewahi kudhurika na dawa yoyote? Nilitaka kumficha ile sindano ya chumbani, nikaona nitakuwa nimekuja bure. Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliandika tu.

Swali la malipo nililiacha la mwisho kwa sababu mkata mikoko asiye na kazi haulizi bei kwa furaha. Kumbe nalo ni swali la kuanza nalo. Yako mambo ya bima, siku hizi ni SHA mahali pa NHIF, na pengine huletwa kambi za upasuaji zisizo na malipo. Usipouliza hutajua uko upande gani.

Usiku wa kuamkia upasuaji niliambiwa nisile. Asubuhi nikasomewa karatasi ya kukubali, kisha nikaisaini. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nilivyodhani. Sindano ya mgongo inauma kidogo, kisha miguu inakuwa mizito, kisha huijui iko wapi. Nilisikia wanaongea, nikasikia mtu akivuta na kusukuma, maumivu sikuyasikia. Nilisoma nyiradi zote ninazozijua na bado hawajamaliza, nikaanza upya. Ndiyo hivyo tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kupona, na hapo nawaomba ndugu zangu mnisikilize vizuri. Ganzi ikiisha, maumivu huja, na dawa za maumivu zipo kwa ajili hiyo. Kujikaza si sharti. Muuguzi alinifundisha kuvaa chupi ya kubana ili uzito usining'inie, na alipoona sina, akanionyesha kukunja kitambaa safi na kukipitisha chini kama mkanda. Mwanamke yule ni rika la binti yangu. Nilifunika uso kwa mkono. Akaendelea kufunga kitambaa huku akinisimulia jinsi maji yalivyokupwa siku ile mpaka boti zikakwama Mkandani, mpaka nikasahau haya na kuanza kubishana naye kuhusu bamvua.

Jambo ambalo sikuwaza ni njia ya kurudi. Nilipouliza, "Nitafikaje Mtangawanda?" wakatazamana, maana wengi wanaotoka wodini hupanda bodaboda papo hapo. Wakanikataza pikipiki. Boti wakairuhusu, nikae katikati mahali pasiporuka sana. Nahodha akachagua saa ya maji kujaa, ili boti ilingane na gati nisilazimike kukwea. Mtu wa visiwani, swali hili ni lako, hakuna atakayelijua kukushinda wewe.

Nyumbani nilipata hofu kubwa. Siku chache baada ya kurudi nilijitazama, nikaona pamevimba, pagumu, karibu kama zamani. Nikalia. Nilisema nimepasuliwa bure. Mke wangu akampigia simu yule muuguzi, akajibu kwamba uvimbe huo ni wa kidonda, unatarajiwa, utashuka taratibu kwa wiki na wiki. Cha kuogopa ni homa, usaha, harufu mbaya, damu isiyokoma, au uvimbe unaoongezeka ghafla. Ukiona kimojawapo, usingoje kesho, rudi hospitali. Sikuwa nacho hata kimoja. Uvimbe ukashuka kama alivyosema.

Wazee wa hapa waliniambia niingie baharini, maji ya chumvi hukausha kidonda. Nawaheshimu, lakini nilikuwa nimeshauliza: hapana, mpaka kidonda kifunge kabisa. Nilimwuliza imamu habari ya swala, akasema niswali nimekaa, na kidonda nisikilowanishe kwa ajili ya kujitwahirisha, dini haimtaki mgonjwa ajidhuru. Kunyanyua mizigo nilikatazwa zaidi ya mwezi. Na swali lile ambalo kila mwanaume analo na hakuna anayelitoa, la lini atarudi kwa mkewe, nililiuliza nikitazama dirishani. Jibu: kidonda kipone kwanza, wiki kama 4 hadi 6, na daktari akuone. Mke wangu alikuwapo. Alisema, "Tumengoja miaka, tutangoja wiki."

Ruhusa ya mikoko iliporudi, nami nilirudi kazini. Nachutama, nainuka. Msikitini nimerudi safu ya mbele, ingawa mwanzoni nilijikuta bado nashika kikoi kwa mkono bila haja. Dawa za mgao zikija nazimeza mbele ya watoto wangu, na usiku tunalala ndani ya chandarua, kwa kuwa kupasuliwa hakumzuii mbu kuja tena.

Sikustahili hata kidogo kwamba mtu niliyemtukana ndiye aje kunibebea mfuko. Mara nyingi nikimwona akipita gatini nakosa la kusema, namwamkia tu, "Shikamoo nahodha," naye anaitikia na kuendelea na safari yake.

Ndugu yangu uliye pale nilipokuwa, unayekaa karibu na mlango wa msikiti: usianze na kisu, anza na swali. Mwulize mhudumu wa afya wa kijijini kwako, au nenda zahanati iliyo karibu wakuandikie barua ya Amu. Ukiona haya, njoo Mtangawanda uniulize mimi. Nikiwa sipo, niko kwenye mikoko na nitarudi maji yakijaa. Nitakusindikiza, na mfuko nitabeba mimi.