Kazi Inamtafuta Mtu, na Mtu Anaitafuta Kazi

Katika nchi yetu ya Kenya yako malalamiko mawili ambayo husikika kila siku, na ajabu yake ni kwamba husikika kwa wakati mmoja. Lalamiko la kwanza ni la wenye kazi. Wao husema, "Watu wa kazi hawapatikani." Lalamiko la pili ni la vijana wetu, nao husema, "Kazi hakuna." Mtu asikiaye maneno hayo hudhani ya kwamba hapana budi mmoja wao awe mwongo. Basi wengine huamua upesi kuwa vijana ni wavivu, na wengine huamua upesi kuwa matajiri ni wachoyo, na hukumu hizo mbili hazijampatia kazi hata mtu mmoja.

Mimi ni mkulima mdogo wa kahawa katika sehemu za Nyeri, na kabla ya kurudi shambani nilikuwa karani kwa miaka mingi mjini Nairobi. Kwa hiyo nimelisikia jambo hili nikiwa ofisini, na nalisikia tena nikiwa shambani. Nionavyo mimi, pande zote mbili zasema kweli. Kinachowatenga ni gharama ya kumfikisha mtu kwenye kazi na ya kumfanya aiweze. Gharama hiyo tajiri angependa ilipwe na mfanyakazi, na mfanyakazi hana cha kuilipia.

Nitaanza na shamba, maana ndilo nilijualo zaidi. Mavuno makuu ya kahawa kwetu huwa kati ya Oktoba na Disemba. Kahawa haimngoji mtu. Tunda likiwa jekundu sharti lichumwe, na siku ile ile lipelekwe kiwandani likamenywe. Likiachwa hukauka mtini likawa mbuni, na bei ya mbuni ni duni. Kwa hiyo katika miezi hiyo kila mkulima atafuta wachumaji siku moja na mwenzake, na wachumaji huonekana kama wamemezwa na ardhi. Wakati huo huo, ukipita dukani utawaona vijana wameketi tangu asubuhi.

Lakini tazama jinsi kazi hiyo inavyolipwa. Mchumaji hulipwa kwa debe. Kwa miaka mingi mkulima mwenyewe amekuwa akingoja malipo ya chama kwa miezi baada ya kupeleka kahawa yake, naye hukosa fedha za kumlipa mchumaji papo hapo. Basi humwambia, "Ngoja mwisho wa mwezi," na mwisho wa mwezi ukifika humwambia, "Ngoja chama kilipe." Kijana aendeshaye bodaboda hupata vijisenti vyake kila jioni. Je, yule wa kahawa atakula nini katika kungoja?

Mimi huuza maziwa na viazi kabla ya mavuno nikaweka akiba, ili nimlipe kila mchumaji jioni ile ile, debe kwa debe, mbele ya wenzake. Sina shamba zuri kuliko majirani, wala silipi bei kubwa ya kushangaza. Lakini watu huja. Jirani yangu mmoja, ambaye mpaka wetu ni ua tu, hulalamika kila mwaka ya kwamba watu wamekwisha. Watu hawakwisha. Waliokwisha ni watu wa kufanya kazi kwa ahadi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, nao walisema kweli.

Yafaa tukumbuke pia ya kwamba kilio cha "watu hawapatikani" si kilio kipya. Masetla walikilia tangu mwanzo wa karne iliyopita. Nchi ilikuwa na watu tele, lakini watu hao walikuwa na mashamba na mifugo yao, na mshahara wa setla haukuwavuta. Dawa iliyotumiwa haikuwa kuongeza mshahara. Iliwekwa kodi ya nyumba mwaka 1901, na kodi ya kichwa mwaka 1910, ili mtu alazimike kutafuta fedha. Sheria ya kuandikisha watu ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akavishwa kipande shingoni. Mtu aliyetoka kwa tajiri wake pasipo kutiwa sahihi katika kipande aliweza kushtakiwa. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwaagiza maofisa wa Serikali na machifu wawahimize watu waende kwenye mashamba ya masetla. Hayo yote yalifanywa kwa jina la uhaba wa wafanyakazi.

Mishahara yenyewe ilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala watoto, kana kwamba jamaa yake haili. Ilipofika mwaka 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilishauri ya kwamba mfanyakazi alipwe mshahara wa kumtosha mtu mwenye jamaa. Kamati iliona wazi kwamba mtu alipwaye kidogo hawezi kutulia kazini, na mtu asiyetulia kazini hawezi kuwa hodari. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 70 sasa, na bado hayajafika katika masikio ya wote wanaoajiri.

Nayataja hayo kwa sababu yanatueleza jambo jingine. Mara nyingi twawalaumu vijana kwamba hudharau kazi ya mikono na kutamani meza na kiti. Je, tamaa hiyo waliirithi kwa nani? Waliirithi kwa sisi wazazi. Babu zetu waliona ya kwamba ashikaye jembe la mtu mwingine alivaa kipande na kulala katika kibanda, lakini ashikaye kalamu alivaa viatu. Basi waliuza mbuzi wakawapeleka watoto shuleni ili waokoke na jembe. Hawakuwa wajinga. Walihesabu vizuri kwa hesabu ya siku zile.

Hesabu hiyo ilianza kuharibika mara tu baada ya uhuru. Mwaka 1964 Serikali, matajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano. Matajiri wa makampuni walikubali kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, na Serikali asilimia 15, na vyama vikaahidi kutodai nyongeza ya mshahara kwa mwaka mmoja. Watu wengi mno walijiandikisha kutafuta kazi, na wengine walitoka mashambani kwa sababu tu walisikia habari hiyo. Waliopata nafasi walikuwa sehemu tu, na nafasi nyingi hazikudumu. Wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliokuja Kenya mwaka 1972 walieleza ya kwamba shida yetu haikuwa ukosefu wa kazi peke yake, bali pia watu wengi wafanyao kazi kwa bidii kutwa na mapato yao hayawatoshi.

Sasa natoka shambani niende kwenye ufundi, maana huko ndiko fumbo lilipo gumu zaidi. Mtoto wa ndugu yangu alisomea uashi katika chuo cha ufundi akapata cheti chake. Kwa muda wa miaka miwili alizunguka na bahasha. Kila kontrakta alimwuliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Siku moja alikuja kwangu akaketi kimya, kisha akasema, "Baba mkubwa, nitapataje uzoefu ikiwa kila mtu ananiambia nirudi nikishaupata?" Sikuwa na jibu. Katika mwaka huo huo, madarasa yalikuwa yakijengwa katika lokesheni yetu, na kontrakta alileta waashi kutoka mbali, akiwalipia nauli na malazi, huku akinung'unika ya kwamba wenyeji hawana ufundi.

Nilimwendea kontrakta yule nikamwuliza kwa heshima kwa nini asimchukue kijana. Alinijibu bila kuficha. Alisema, "Mzee, kijana wa cheti aijua timazi kwa kuichora. Nikimpa ukuta, atatumia saruji mara mbili, na huenda nikaubomoa. Nikimfundisha mwaka mmoja akawa fundi kamili, kontrakta mwingine atamwongeza shilingi kidogo amchukue. Mimi nitakuwa nimelima na mwingine amevuna."

Maneno hayo hayakunipendeza, lakini siwezi kusema ni ya uongo. Kila tajiri ataka fundi aliyeiva, na kila tajiri aogopa kuwa yeye ndiye wa kupoteza kuni za kumwivisha. Wote wakiogopa hivyo, mafundi wazee watazeeka na hapatakuwa na wa kushika mwiko baada yao. Hapo ndipo uhaba unapotoka, hali vijana wamejaa.

Serikali ilikwisha kuiona shida hii. Tangu miaka ya 1970 iko sheria ya kuwatoza waajiri ushuru wa mafunzo, nao umekuwa ukitozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ili mwenye kufundisha arudishiwe sehemu ya gharama yake. Mpango huo ni wa haki. Lakini mafundi wa jua kali, ambao ndio wafunzao vijana wengi katika nchi hii, kwa sehemu kubwa hufanya kazi zao nje ya mpango huo. Tena twakumbuka ya kwamba vyuo vyetu vikubwa vya ufundi, Kenya Polytechnic ya Nairobi na Mombasa Polytechnic, vilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 na vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Shahada ni kitu chema, lakini nyumba hujengwa na watu wengi wenye mwiko na wachache wenye ramani, wala si kinyume chake.

Liko na jambo la umbali, ambalo wenye magari hulisahau. Tuchukue mfano. Kijana ameitwa kwenye kazi ya shilingi 500 kwa siku. Nauli ya kwenda ni shilingi 100, ya kurudi 100, na chakula cha mchana 100. Atarudi nyumbani na shilingi 200, amechoka, na ile siku yake yote imekwisha. Tena nauli ya wiki ya kwanza yatakiwa kabla ya mshahara wa kwanza, naye hana wa kumkopesha. Tajiri akimwona hakuja siku ya tatu husema, "Huyu ni mvivu." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nilipokuwa karani nililiona jambo jingine. Nafasi moja ya ofisi ikitangazwa, barua zilijaa makasha, wala hapakuwa na mtu wa kuzisoma zote. Basi wakubwa waliweka masharti makali ili kupunguza mzigo: shahada kwa kazi ya kupanga mafaili, uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kujifunza kwa miezi mitatu. Wengine waliziacha barua zote wakamchukua mtoto wa rafiki. Hivyo aliyefaa alibaki nje, na ofisi ikalalamika baadaye kuwa makarani wa siku hizi hawafai.

Sitaki msomaji adhani ya kwamba nawatetea vijana katika kila kitu. Wako waliokataa kuchukua mwiko kwa sababu rafiki zao watawacheka, na wako waombao mshahara wa fundi mkuu siku ya kwanza. Mwanagenzi hawezi kulipwa kama mwalimu wake. Kijana aliyepata mtu wa kumfundisha kwa posho na nauli amepata mali, hata kama mfukoni haionekani.

Yafaa kila mmoja wetu afanye lililo katika uwezo wake. Mkulima aweke akiba ya ujira kabla ya mavuno kama awekavyo ya mbolea, na amlipe mtu siku aliyotoka jasho. Makontrakta wa wilaya moja wapatane, kila mmoja achukue wanagenzi wawili au watatu, ili asiwepo wa kulima peke yake. Kijana naye aandikiane na fundi wake ya kwamba atakaa naye muda fulani baada ya kufuzu. Wajumbe wa kamati za shule, mnapotoa kazi ya kujenga, wekeni sharti kwamba vijana wenye vyeti kutoka kijijini wafanye kazi chini ya mafundi wazoefu. Nanyi makarani mnaoandika matangazo ya kazi, liangalieni kila sharti mjiulize kama kazi yenyewe yalihitaji, au mwaliweka kwa ajili ya kupunguza barua.

Mtoto wa ndugu yangu alipokelewa mwishowe na fundi mmoja mzee asiye na cheti chochote, kwa posho na nauli, na sasa ukuta wake husimama wima kwa timazi. Mwaka mmoja wa subira ulitosha, pamoja na mtu mmoja aliyekubali kupoteza saruji kidogo. Husemwa ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika jambo hili tajiri ataka kitu kilicho mvunguni na kijana vile vile, na kwa muda mrefu tumewaambia vijana peke yao wainame.